Kiwanda Kilichomo Katika Mizizi ya Maharagwe

SOMO LA VIKUNDI VYA ELIMU YA WAFANYAKAZI



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya maharagwe. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na maharagwe? Jibu lake si gumu. Kila anayefanya kazi katika mashamba ya chai ya Toro, Bunyoro na Ankole, au katika mashamba ya miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara, anajua kwamba chakula chake ni posho na maharagwe. Mshahara ukichelewa, au bei ya dukani ikipanda, tegemeo linalobaki ni kile kishamba kidogo kilicho nyuma ya kambi. Kwa hiyo kishamba hicho ni sehemu ya riziki ya mfanyakazi, na kikikosa kuzaa ni sawa na kukatwa mshahara.

Na vishamba vyetu vingi havizai. Mbegu huota vizuri, majani ya kwanza huwa na rangi nzuri, lakini baada ya wiki nne au tano shamba lote huwa manjano. Mimea hudumaa, hutoa maua machache, na mavuno yakipimwa hayazidi sana mbegu iliyopandwa. Hapo watu hutoa sababu nyingi. Mmoja husema mbegu ilikuwa mbaya. Mwingine husema ardhi imechoka na hakuna la kufanya. Wa tatu hutafuta mbolea ya chai, akaimwaga juu ya maharagwe yake, na mwishowe hupata majani mengi na maganda machache.

Shabaha ya somo hili ni kueleza kinachotokea chini ya udongo, ili mfanyakazi asipoteze fedha yake na jasho lake bure.

1. CHAKULA KILICHOMO HEWANI

Kila mmea unahitaji nitrojeni. Bila nitrojeni hauwezi kujenga majani wala mbegu, na binadamu anayekula mbegu hiyo hapati protini ya kujenga mwili. Mmea unaokosa nitrojeni huonyesha dalili kwanza katika majani ya chini. Hayo hugeuka manjano kabla ya majani machanga ya juu, kwa sababu mmea huichukua nitrojeni kidogo iliyomo katika majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga.

Ajabu ni kwamba nitrojeni haikosekani duniani. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni nitrojeni. Juu ya hekta moja ya ardhi imesimama hewa yenye nitrojeni zaidi ya tani 70,000. Lakini chembe za nitrojeni ya hewani zimeshikamana mbili mbili kwa nguvu kubwa sana, na mmea hauna uwezo wa kuzitenganisha. Mahindi, muwa na chai husimama katikati ya utajiri huo na bado huona njaa.

Mimea ya jamii ya mikunde ni tofauti. Hiyo ni kama maharagwe, kunde, karanga, soya, njegere na njugu mawe. Mwaka 1886 mtaalamu wa Ujerumani, Hellriegel, aliyefanya kazi pamoja na mwenzake Wilfarth, alitangaza kwamba mimea ya namna hii inaweza kukua katika mchanga usio na nitrojeni hata kidogo, mradi imwagiliwe maji yaliyochanganywa na udongo wa shambani. Maji hayo yakichemshwa kwanza, mimea hufa njaa kama mingine. Maana yake ni kwamba katika udongo wa shambani kulikuwa na kitu chenye uhai kilichoisaidia mimea, na moto ulikiua. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Beijerinck, alifaulu kukitenga kitu hicho. Ni bakteria, viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho, ambao leo tunawaita rizobia. Huingia katika mizizi, na mzizi huwajengea nyumba ya mviringo iitwayo kinundu. Ndani ya vinundu hivyo ndimo nitrojeni ya hewani inamogeuzwa kuwa chakula cha mmea.

2. VIWANDA VIWILI

Wafanyakazi wa viwandani wataelewa jambo hili vizuri zaidi tukilinganisha viwanda viwili vinavyofanya kazi moja.

Kiwanda cha kwanza ni cha binadamu. Mwaka 1913 kiwanda kikubwa cha kugeuza nitrojeni ya hewani kilianza kazi mahali paitwapo Oppau, Ujerumani. Ili kuzitenganisha zile chembe zilizoshikamana, kilihitaji joto la nyuzi kati ya 400 na 500, na mgandamizo wa mara 200 hivi kuliko wa hewa ya kawaida. Hadi leo njia ni ile ile, na haidrojeni inayotumika hutoka zaidi katika gesi ya ardhini. Ndiyo sababu gesi ikipanda bei huko ng'ambo, mfuko wa urea hupanda bei katika maduka yetu, kama tulivyoona mwaka 2021 na 2022. Tusisahau pia kwamba kazi hii imewagharimu wafanyakazi wenzetu damu. Tarehe 21 Septemba 1921 ghala la mbolea la Oppau lililipuka, na watu zaidi ya 500 wakafa.

Kiwanda cha pili ni kinundu cha maharagwe. Hakina tanuru wala bomba. Hufanya kazi katika joto la kawaida la udongo. Lakini tusidhani kwamba hufanya kazi bure. Bakteria wanahitaji kula, na chakula chao ni sukari inayotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Mmea hutoa sukari, nao bakteria hutoa nitrojeni. Huo ni mkataba wa pande mbili.

Kwa kuwa mmea hulipa, mmea nao hupiga hesabu. Ukiona kwamba nitrojeni ipo tele udongoni, hauna haja ya kulipa sukari kwa kitu unachokipata bila kulipa, kwa hiyo hupunguza vinundu. Na ukikosa vitu vingine vinavyohitajika ili kiwanda kiende, hauwezi kujenga vinundu hata kama njaa ya nitrojeni inauua. Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 2003 kwamba soya hupunguza hewa inayoingia katika vinundu ambavyo bakteria wake hawatoi nitrojeni. Basi kinundu si kitu kinachotokea tu. Hutegemea hali ya udongo kila siku.

3. MASHARTI MATANO YA KIWANDA HIKI

Sharti la kwanza: bakteria wanaofaa wawepo.

Kila aina ya mikunde ina rizobia wake. Maharagwe yamelimwa Uganda kwa vizazi vingi, na rizobia wake wapo katika mashamba mengi. Karanga na kunde hukubaliana na bakteria wa namna nyingi waliomo katika udongo wa Afrika. Shida huwa zaidi kwa soya, kwa maana aina nyingi za soya zinahitaji bakteria wao maalum, na penye shamba jipya mara nyingi hawapo. Hapo mkulima hununua unga wa bakteria na kuupaka kwenye mbegu siku ya kupanda. Unga huo umetengenezwa Makerere, na pia Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako kituo cha kazi hiyo kilianza mwaka 1977. Wafanyakazi wa viwanda vya sukari watafurahi kusikia kwamba huko Nairobi bakteria hao hufugwa katika tope la kichujio, lile linalobaki kiwandani baada ya kusafisha maji ya miwa.

Ukumbuke kwamba unga huo una uhai. Ukiuanika juani, au ukiuweka juu ya bati la moto, umenunua vumbi. Wala usiuchanganye na dawa ya kuua kuvu au na mbolea ya chumvichumvi juu ya mbegu.

Sharti la pili: fosforasi.

Kazi ya kutenganisha nitrojeni inakula nguvu nyingi, na ndani ya mmea na bakteria nguvu hubebwa na kitu kilichojengwa kwa fosforasi. Kwa mfano wa kiwanda, nitrojeni ni malighafi inayoingia kutoka hewani, na fosforasi ni kama ukanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Ukanda ukikatika, mashine husimama hata malighafi ikijaa uwanjani. Mmea wenye upungufu wa fosforasi huwa mfupi, majani yake ni madogo, na vinundu vyake ni vichache na vidogo kama vichwa vya pini.

Udongo mwekundu wa sehemu zetu una tabia moja mbaya. Chuma na alumini vilivyomo huishika fosforasi na kuifunga, mzizi usiipate. Kwa hiyo inaweza kuwapo udongoni na bado mmea ukaikosa. Dawa yake ni kuweka mbolea ya fosfati karibu na mbegu badala ya kuitawanya shamba zima, na kuongeza samadi au mboji, ambayo hupunguza kule kufungwa.

Fosfati yenyewe hutoka katika miamba, na Afrika ya Mashariki tunayo. Miamba ya Minjingu, Tanzania, huyeyuka polepole katika udongo mchachu, na ikisagwa yaweza kutumiwa hivyo hivyo. Miamba ya upande wa Tororo ni migumu kuyeyuka, lazima ipitie kiwandani kwanza. Wazee wetu wengine watakumbuka kwamba Tororo palikuwa na kiwanda kilichotengeneza mbolea ya superfosfati katika miaka ya 1960 na 1970.

Sharti la tatu: udongo usiwe mchachu mno.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka uchachu unazidi. Mchai hupenda udongo mchachu, wa kama 4.5 hadi 5.5. Maharagwe hupenda karibu na 6. Hapo ndipo penye ugomvi. Kampuni ilichagua ardhi hiyo kwa ajili ya chai, na kila mwaka huongeza mbolea ya nitrojeni ambayo yenyewe huzidisha uchachu. Kisha mfanyakazi hupewa kipande pembeni, au pahali ambapo chai ya zamani imeng'olewa, apande maharagwe.

Udongo ukishuka chini ya 5, alumini iliyokuwa imetulia huyeyuka na kuwa sumu. Huunguza ncha za mizizi, ikawa mifupi na minene. Zile nywele nyembamba za mizizi ambazo bakteria huingilia hazikui. Bakteria wenyewe hufa au kudhoofika. Kalsiamu hupungua, na karanga huteseka zaidi kwa hilo, kwa sababu ganda la karanga hujitafutia kalsiamu lenyewe katika udongo unaolizunguka. Ikikosekana, unachimba maganda makubwa yasiyo na kitu ndani.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, na kwa kishamba kidogo, jivu la kuni.

Sharti la nne: molibdeni.

Hili ni jina geni, nalo ni la madini ambayo mmea huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Kile kimeng'enya kinachotenganisha nitrojeni ndani ya kinundu kimejengwa kwa chuma na molibdeni. Mwaka 1942, kusini mwa Australia, mtaalamu Anderson aligundua kwamba malisho ya mikunde yaliyokuwa yamedumaa yalistawi yakipewa molibdeni kidogo tu. Madini mengi ya namna hii huyeyuka zaidi udongo ukiwa mchachu, lakini molibdeni ni kinyume chake: uchachu huifunga. Kwa hiyo anayeweka chokaa au jivu huwa anafanya kazi mbili kwa mara moja. Hupunguza sumu ya alumini, na huifungua molibdeni iliyokuwa imefungwa.

Sharti la tano: maji na hewa kwa kiasi.

Ukame wa wiki chache tu hupunguza kazi ya vinundu, nao hupungua mapema kuliko majani yanavyonyauka. Maji yakituama, mzizi hukosa hewa na kiwanda husimama vile vile. Kwa hiyo katika bonde lenye maji, panda juu ya matuta.

4. JUU YA MBOLEA YA CHAI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limewaletea wenzetu hasara. Mbolea inayotumika sana katika chai ina namba 25:5:5 kwenye mfuko. Namba hizo ni nitrojeni, fosfati na potashi. Mfuko wa kilo 50 una kilo 12.5 za nitrojeni, lakini fosfati ni kilo 2.5 tu. Mchai huvunwa majani, kwa hiyo mbolea yake ni ya kukuza majani.

Maharagwe yakipewa mbolea hiyo kwa wingi huona kwamba nitrojeni ipo tele, nayo hufunga kiwanda chake. Mmea huota majani makubwa ya kijani kibichi, hurefuka, hulala, na huchelewa kutoa maganda. Fosforasi, ambayo ndiyo iliyokosekana, imekuja kiasi cha kijiko. Uchachu ambao ulikuwa ndio ugonjwa umezidi. Msimu unaofuata udongo ni mbaya kuliko mwanzo.

Na zaidi ya hayo, mbolea hiyo ni mali ya mwajiri. Mfanyakazi akikutwa na nyapara amebeba kopo la mbolea anaweza kufukuzwa kazi, na hapo chama kitakuwa na kesi ngumu ya kumtetea. Ni hasara gani kubwa kuliko kupoteza kazi kwa ajili ya kitu ambacho hakisaidii maharagwe yako?

Hatusemi kwamba nitrojeni ni sumu kwa maharagwe. Katika udongo uliochoka kabisa, kiasi kidogo wakati wa kupanda huusaidia mmea mchanga kabla vinundu havijaanza kazi, na samadi iliyooza hufanya kazi hiyo vizuri huku ikileta fosforasi pamoja nayo. Tunalosema ni kwamba ukiwa na shilingi chache za kununua mbolea ya maharagwe, usizimalize kwa urea. Fosfati kwanza.

5. JINSI YA KUKAGUA KIWANDA

Huhitaji mashine. Ngoja maharagwe yaanze kutoa maua. Chagua mimea kumi sehemu mbalimbali za shamba. Usiing'oe kwa kuivuta, kwa maana vinundu vitabaki ardhini. Chimba kwa jembe au panga kuzunguka mmea, inua na donge la udongo, kisha osha mizizi polepole ndani ya ndoo ya maji. Halafu pasua vinundu kwa ukucha au wembe na utazame rangi ya ndani.

Kinundu chekundu au cha rangi ya waridi kinafanya kazi. Wekundu huo ni wa kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kugawa hewa kwa bakteria kwa kipimo.

Kinundu cheupe ndani bado hakijaanza kazi, au bakteria wake hawafai.

Kinundu cha kijani au cha kahawia kimezeeka na kimekwisha kazi. Ukikiona wakati maganda yamejaa, si ajabu. Ukikiona kabla ya maua, kuna ugonjwa.

Mizizi mifupi, minene, isiyo na vinundu, katika ardhi ya chai: shuku uchachu kwanza.

Vinundu vichache vidogo, na mimea mifupi yenye majani madogo: shuku fosforasi.

Majani mengi ya kijani kibichi na vinundu hakuna: umezidisha nitrojeni.

Usichanganye vinundu na uvimbe wa minyoo ya mizizi. Kinundu kimening'inia pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa urahisi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, haubanduki.

6. JARIBIO LA MISTARI MINNE

Tunashauri kila kikundi kifanye jaribio hili msimu ujao, badala ya kubishana. Pimeni vipande vinne, kila kimoja hatua tano kwa hatua mbili, katika shamba moja na kwa mbegu moja.

Kipande cha kwanza: msiweke kitu.

Kipande cha pili: wekeni jivu la kuni lililopoa, viganja viwili kwa kila eneo la hatua moja kwa hatua moja. Lichanganyeni na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda.

Kipande cha tatu: wekeni mbolea ya TSP katika mfereji wa kupandia, kama gramu 15 kwa kila eneo la hatua moja kwa hatua moja, yaani karibu vizibo vitatu vya soda. Ifunikeni kwa udongo kidogo, ndipo mbegu iwekwe juu.

Kipande cha nne: jivu na TSP vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake.

Yakitoka maua, chimbeni mimea mitano katika kila kipande, mhesabu vinundu vyekundu. Wakati wa mavuno pimeni kwa kopo moja. Kama kipande cha pili kimeshinda cha tatu, ugonjwa mkubwa wa hapo ni uchachu. Kama cha tatu kimeshinda, ni fosforasi. Kama ni cha nne tu kilichofanya vizuri, ni vyote viwili. Kama hakuna hata kimoja kilichobadilika, tafuteni sababu nyingine, kama ukosefu wa bakteria au magonjwa ya mizizi.

Tahadhari: jivu lisichanganywe na urea wala na mbolea ya chai, kwa sababu nitrojeni itaruka hewani na mtasikia harufu yake kali. Wala lisimwagwe chini ya michai, kwa maana chai inataka uchachu wake.

7. TUSITAZAMIE MAKUBWA KUPITA KIASI

Ni kawaida kusikia kwamba maharagwe hurutubisha ardhi. Maneno hayo ni kweli nusu. Maharagwe ya kawaida ni dhaifu katika kazi hii. Mara nyingi hayafikishi kilo 50 za nitrojeni kwa hekta, ambapo soya iliyotunzwa vizuri huweza kupita kilo 100. Maharagwe yanayopanda juu ya miti, kama yale ya Kigezi, hufanya vizuri kuliko yale mafupi, kwa sababu hukaa shambani muda mrefu zaidi.

Tena sehemu kubwa ya nitrojeni huingia katika mbegu, nasi huila. Kinachobaki kwa ardhi ni majani, mashina na maganda. Desturi ya kung'oa mmea mzima, kuupigia uani na kuchoma maganda huiacha ardhi maskini kuliko ilivyokuwa. Kateni mashina, mizizi ibaki ardhini, na maganda yarudishwe shambani. Mahindi ya msimu unaofuata yatawashukuru.

8. JAMBO LINALOHUSU CHAMA

Mpaka hapa tumezungumza mambo ambayo kila mmoja anaweza kufanya peke yake. Lakini yako ambayo mtu mmoja hayawezi.

La kwanza ni muda. Chokaa na jivu havimalizi kazi kwa msimu mmoja, na faida yake huendelea misimu kadhaa. Mfanyakazi anayehamishwa kishamba kila msimu hawezi kuweka chokaa, kwa kuwa atakayekula faida ni mtu mwingine. Hapo asilaumiwe kwa uvivu. Kwa hiyo matawi yadai kwamba familia iliyopewa kishamba ibaki nacho angalau miaka mitatu, na jambo hilo liandikwe katika mapatano.

La pili ni kupima udongo. Mashamba makubwa hupima udongo wa chai na miwa ili yajue mbolea ya kununua. Kuongeza sampuli chache za vishamba vya kambi si gharama kubwa. Pale mwajiri anapokataa, tawi laweza kuchanga na kupeleka sampuli katika maabara ya utafiti ya Kawanda.

La tatu ni takataka za viwandani. Viwanda vya chai huchoma kuni nyingi, na jivu lake hurundikwa. Viwanda vya sukari vina tope la kichujio, ambalo lina fosforasi na kalsiamu. Vitu hivyo viwili ndivyo hasa vinavyokosekana katika vishamba vyetu. Wafanyakazi wa viwandani ndio wanaojua vinamwagwa wapi, na jivu lipi ni la kuni safi lisilochanganywa na plastiki au mafuta machafu. Wafanyakazi wa mashambani ndio wanaovihitaji. Tawi likiomba kwa barua, kwa jina la wote, trekta moja la jivu au la tope linaweza kufika kambini bila mtu yeyote kuitwa mwizi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mahindi huona njaa ya nitrojeni ambapo hewa imejaa nitrojeni?

2. Eleza kwa mwenzako kwa nini maharagwe yaliyopewa nitrojeni nyingi hupunguza vinundu.

3. Jivu hufanya kazi gani mbili katika udongo mchachu?

4. Mfuko wa 25:5:5 wa kilo 50 una fosfati kilo ngapi? Mfuko wa TSP wa kilo 50, wenye fosfati sehemu 46 katika kila 100, una kilo ngapi? Ni upi unaofaa maharagwe?

5. Katika kambi yenu, vishamba hugawanywa na nani, na mtu hukaa na kishamba misimu mingapi?

6. Jivu au tope la kiwanda chenu hupelekwa wapi sasa? Nani atumwe kuuliza?

Katibu wa kikundi aandike majibu ya swali la 5 na la 6, ayapeleke kwenye mkutano wa tawi.